Mota Mpya Kabatini

Mama yangu alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, na nusura asipande kwa sababu yangu. Nyumbani bado wananitania kwa hilo. Wanasema mimi ndiye fundi pekee aliyemkataza mama yake mzazi kupanda ndege anayoitengeneza mwenyewe. Nawaacha waseme. Hawakuiona ile mota.

Ilikuwa ni wakati ambapo ruksa ya biashara huria imeshaingia Arusha kwa miguu yote miwili. Sisi tuliokua kwenye foleni za sukari na sabuni tulikuwa tunaingia dukani tunasimama tu, tunazitazama sabuni za kila rangi, kisha tunatoka bila kununua kitu, tumeridhika kabisa. Mama aliacha kuuza ndizi akaingia kwenye mitumba. Tulikuwa tunakaa Daraja Mbili, na sebule yetu ilijaa marobota hadi ukitaka kuketi unaketi juu ya makoti ya Wazungu. Na watu binafsi nao wakaruhusiwa kuendesha ndege. Mimi nilikuwa nimesomea ufundi wa ndege Dar es Salaam, nikarudi nyumbani bila kazi, nikawa namsaidia Mama kukunja suruali. Bosi mmoja aliyekuwa na magari ya watalii akanunua ndege ndogo ya watu sita, injini moja, akaniita. Niliitupa suruali niliyokuwa naikunja nikakimbia. Mama alisema, "Haya, nenda kakaze hizo nati zako, ukichoka utarudi." Hakuiona kama kazi. Kwake kazi ni kitu unachokiuza mtu akaondoka nacho.

Hanga letu, banda la kutengenezea ndege, lilikuwa kule uwanjani, njia ya Kisongo, mabati juu na mabati pembeni, jua likipanda unaiva humo ndani. Mafundi tulikuwa wawili tu. Mkubwa wangu alikuwa Mmeru wa Tengeru, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu aliyefunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata akiwa amelala chini ya ndege. Alikuwa ametengeneza ndege tangu zile za serikali. Asubuhi nikimwamkia "Shikamoo Mzee," anajibu "Marahaba binti," halafu ananyamaza mpaka chai. Nilimpenda sana yule mzee. Naomba mlikumbuke hilo nitakapofika mahali pa ugomvi, maana mimi hasira zangu ziko karibu, hazingoji kubishiwa hodi.

Sasa, hiyo mota. Nyuma ya bawa la ndege kuna kipande kinachoshuka ndege inapotaka kutua. Sisi tunakiita flapu. Kikishuka, ndege inaweza kwenda polepole bila kuanguka, na inatua mahali padogo. Kisiposhuka unaweza kutua vilevile, ila utatua na mwendo mkali, na uwanja ukiwa mfupi utamalizia kwenye mahindi ya watu. Kwenye ndege yetu kazi ya kuishusha flapu ilifanywa na mota ndogo ya umeme iliyofichwa ndani ya bawa. Rubani akisukuma swichi, mota inazungusha skrubu ndefu, skrubu inavuta, flapu za pande zote mbili zinashuka pamoja. Basi. Mota, skrubu, na Mungu.

Siku hizi nasikia ndege kubwa nazo zinaacha mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakisukuma kila kitu, zinawekwa mota za namna hiyo kila mahali, mpaka kwenye breki na usukani wa mkiani. Wanaozitengeneza wanaumiza vichwa kwa swali moja: skrubu ikikwama je? Maana kamba ikikatika inalegea, lakini skrubu ikikwama imekwama, huisogezi mbele wala nyuma. Ndiyo maana wanaweka mota mbili mahali pa moja, na njia nyingine ya kutokea. Nikisoma habari hizo huwa nacheka peke yangu. Swali hilo sisi tulilipata Kisongo, na mota mbili tulikuwa nazo. Shida ni kwamba moja ilikuwa imefungiwa kabatini.

Hanga letu lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni ya kila mahali: ukigusa kitu kinachoiongoza ndege, mtu mwingine lazima akague kazi yako na atie sahihi yake. Tuliiita jicho la pili. Bila jicho la pili ndege hairuki, hata aje nani. Sheria ya pili ilikuwa ya Mzee mwenyewe: aliyefunga, anapanda. Ukifunga kitu cha namna hiyo, safari ya kwanza ya majaribio na wewe umo ndani. Mzee alikuwa anasema mkono wa fundi hukaza vizuri zaidi ukijua kwamba mwenye mkono atakuwepo.

Mota tuliyokuwa nayo ilikuja na ndege, na ndege yenyewe ilikuwa imeshazeeka kwa watu wengine kabla ya kufika kwetu. Mota ilikuwa inakohoa. Rubani wetu, mtu wa Tanga mwenye mzaha usioisha, alikuwa anaiita Babu. "Dada fundi, Babu leo kaamka na kifua." Mzee anaishusha, anaifungua juu ya meza, anaisafisha, anapima kaboni zinazopitisha umeme, anairudisha, tunakagua, inafanya kazi. Wiki kadhaa baadaye, tena. Miaka ya shida Mzee alikuwa amezoea kuvipa uhai vitu vilivyokwisha kufa. Niliwahi kumsikia akisimulia jinsi alivyochonga kaboni za starta ya Land Rover zikaingia mahali pasipo pake. Naomba wakubwa wa usalama wa anga wauruke ukurasa huu.

Hatimaye bosi akaagiza mota mpya ng'ambo. Siku ilipofika tuliizunguka meza, mimi, Mzee na rubani. Mzee alikwenda kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua boksi. Akatoa karatasi, akatoa nailoni, na humo ndani ikatokea mota inang'aa, inanukia upya, na karatasi zake zote za kuthibitisha. Mzee aliigeuza taratibu. Akaizungusha skrubu kwa vidole viwili, ikazunguka kimya kabisa. Macho yakamlegea. Mimi nikachukua spana.

"Unakwenda wapi na spana?" akaniuliza.

"Si tunaifunga, Mzee?"

"Hii?" Akaniangalia kama vile nimeomba kuosha miguu kwenye sinia la pilau. "Hii ni ya siku mbaya, binti. Ile ya zamani bado inafanya kazi."

Akairudisha kwenye nailoni yake, akairudisha kwenye boksi, akaliweka boksi kabatini, akafunga. Ufunguo aliuning'iniza kwenye mnyororo wa saa yake.

Mtu asiyekulia kwetu atasema Mzee alikuwa kichaa. Mimi sikushangaa sana, maana nyumbani tulikuwa na kabati letu. Mama alikuwa na seti ya glasi zenye mstari wa dhahabu mdomoni, zawadi ya harusi yake, na zilikaa nyuma ya kioo tangu kabla sijazaliwa. Zilikuwa za wageni. Wageni walikuja: padri alikuja, wajomba walikuja, mkuu wa shule yangu alikuja. Wote walinywea vikombe vya bati au vya plastiki, kwa sababu kila alipokuja mgeni Mama aliona bado si yule mgeni. Marehemu baba alikuwa anapita hapo mbele ya kabati anazipungia mkono, anasema, "Shikamooni." Sisi tunacheka, Mama anakasirika. Kitu kipya kwetu hakikuwa cha kutumia. Kilikuwa cha kuwa nacho.

Desemba ikafika. Mnajua Wachaga na Krismasi: mji unabaki na mbwa. Wote wanapanda kwenda nyumbani Kilimanjaro, na mabasi ya Moshi yanapakia mpaka mlangoni. Bosi siku hiyo alikuwa na furaha zake. Akaniambia Jumamosi ndege inakwenda tupu Moshi kuchukua watalii, akauliza, "Mama yako si wa Kibosho? Mwambie apande, aende Krismasi kama mheshimiwa."

Nilipomwambia Mama, aliketi. Akasimama. Akaketi tena. Kisha akafunga kanga kiunoni akatoka, na ndani ya saa moja soko zima lilikuwa na habari. Akapeleka salamu Kibosho kwa watu watatu tofauti ili zisipotee njiani. Akawa anaulizwa na wenzake wa mitumba, "Hutaogopa?" anajibu, "Niogope nini, na binti yangu ndiye anayeikaza?" Nilipomsikia akisema hivyo nilijifanya nahesabu mashati. Nilijisikia vizuri mno. Ndiyo mara ya kwanza aliitaja kazi yangu mbele za watu.

Jumatano rubani akarudi kutoka mbugani. Tulimwona anakuja, flapu zikashuka kidogo, zikagoma. Fyuzi ya mota ikaruka. Akairudisha, ikaruka tena. Bahati uwanja wetu ni mrefu. Akatua na mwendo wa kufukuzwa, akapita mbele ya hanga letu tukiwa tumesimama vinywa wazi, akasimama mwisho kabisa, karibu na uzio wa shamba la kahawa. Alipofika alikuwa anacheka, lakini shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Babu kagoma katikati ya ngazi," akasema. "Hapandi, hashuki."

Bosi alikuwa porini na wageni, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Mzee akaishusha mota. Alhamisi yote alikuwa nayo mezani. Alikuta meno ya gia yamelika. Akayasafisha, akapaka grisi mpya, akaijaribu mezani, ikazunguka. Akaifunga. Jioni ikishuka akanisogezea karatasi ya jicho la pili.

"Weka sahihi, binti. Jumamosi Mama apande."

Nilipanda juu ya ngazi nikachungulia na tochi. Kila nati ilikuwa mahali pake, kila waya wa kufungia umesokotwa vizuri, kazi safi ya mtu anayejua. Nikamwomba asukume swichi. Flapu zikashuka. Nikamwomba arudie, na arudie tena. Safari ya tatu nikaisikia. Ilikohoa. Kidogo tu, kama mtu anayejizuia kanisani.

Nikashuka. Nikamwambia, "Mzee, siweki."

"Huweki nini?"

"Sahihi. Mota mpya ipo. Toa mpya tufunge."

Akavua miwani. "Unanikatalia mimi?"

"Naikatalia mota, Mzee."

"Nimeruka na hiyo mota tangu ije. Na Jumamosi nitapanda nayo mwenyewe, nikae hapo hapo kando ya mama yako. Mimi niliyefunga, napanda. Unataka nini zaidi?"

Hapo ndipo hasira zangu zilipofika. Nilimwambia kwamba akipanda yeye haitazuia skrubu kukwama, itaongeza tu mtu wa kuzika. Nilimwambia kwamba kama siku mbaya ni ile ambayo flapu zinagoma hewani, basi siku mbaya ilikuwa jana, na yeye aliitazama ikipita mbele ya hanga. Nilisema kwa sauti kubwa, tena kwa mzee wa rika la baba yangu. Alivaa miwani yake, akaikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni, akaenda nyumbani Tengeru bila kuniaga. Mimi nilibaki pale peke yangu. Nilijua nilichokifanya: bila sahihi yangu ndege hairuki, na isiporuka Mama hapandi.

Nyumbani nilimkuta Mama anapiga pasi kitenge chake kipya cha safari. Nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu nikizunguka ningelia.

"Mama, Jumamosi hupandi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Yeleuwi!" Pasi ya mkaa ikawekwa chini kwa kishindo. "Kibosho nzima inanisubiri! Watakuja uwanjani na ngoma! Nitauficha wapi uso wangu?"

Nikamweleza mota inavyokohoa, na uwanja wa Moshi ulivyo mfupi, na Mzee alivyokasirika. Akasikiliza. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Na mpya hakuna?"

"Ipo. Kaifungia kabatini. Anasema ni ya siku mbaya."

Mama akatikisa kichwa taratibu, na nikaona, jamani, anakubaliana naye! "Ana akili huyo baba," akasema. "Kitu kipya huwezi kukitumia ovyo ovyo. Kikiharibika?"

Nilishindwa kuvumilia. Nilinyoosha kidole kwenye lile kabati nyuma yake. "Ndiyo! Ana akili kama yako na glasi zako! Mtakufa nyote mmetunza!"

Loo. Maneno yakishatoka hayana kamba ya kuyavutia. Mama hakunipiga, hakunitukana. Aligeuka akalitazama kabati kwa muda, kisha akaokota pasi yake akaendelea. Mimi nililala nimejifunika gubigubi kama mtoto.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kazini peke yangu, na Mzee alijibu shikamoo yangu kwa kutikisa kichwa. Tulikaa kila mtu upande wake wa ndege. Rubani aliingia, akatutazama, akasema, "Humu ndani kuna msiba?" akatoka nje.

Jua lilipokuwa limepanda, nikamwona Mama anakuja akikata uwanja kwa miguu, kikapu mkononi, chupa ya chai kwapani, amevaa kile kitenge cha safari. Hakuwahi kukanyaga kazini kwangu. Nilidhani amekuja kuniombea radhi, au kunichapa mbele ya watu. Alinipita. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Habari za kazi, baba."

"Njema, mama. Karibu." Mzee akamfutia stuli kwa kitambaa.

Mama akatandika kanga juu ya meza yetu ya kazi, akatoa kwenye kikapu blauzi za mitumba, moja moja, akazifunua. Ndani ya kila blauzi mlikuwa na glasi. Mstari wa dhahabu ukawaka chini ya mabati. Mimi sikuwahi kuziona nje ya kabati maishani mwangu; nilikuwa sijui hata kwamba chini zina maua.

"Binti yangu amekukosea heshima," akamwambia Mzee. "Nimekuja kukunywesha chai."

Akamimina. Chai ilikuwa ya moto ya kutoka Daraja Mbili kwenye chupa nzuri, na zile glasi zilikuwa hazijawahi kuguswa na kitu cha moto tangu zizaliwe. Ya kwanza ikasema ta! Ikapasuka katikati, chai ikatiririka mezani mpaka kwenye spana zangu.

Mzee alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa upole. "Unaona, mama. Ndiyo maana tunaweka."

Mama alikuwa ameshika kipande cha kioo. Nilidhani atalia. Badala yake alianza kucheka, kidogo kidogo, kisha akaacha.

"Mume wangu alikuwa ananiambia kila Krismasi, 'Mke wangu, leo nihesabu mgeni, nipe moja ya hizo.' Namwambia subiri, zisije zikavunjika. Basi akasubiri. Alipokuwa anaumwa, siku za mwisho, nilimnywesha uji kwa kikombe cha bati, na glasi ziko pale anaziona. Hata siku hiyo, baba, sikukumbuka. Mpaka jana huyu mtoto aliponipigia kelele."

Akakiweka kile kipande chini. Akachukua glasi nyingine, akaweka kijiko ndani ili isipasuke, akamimina tena polepole. Ikastahimili. Akampa Mzee kwa mikono miwili.

Mzee alishika ile glasi. Hakunywa mara moja. Nami sikuwa na hasira tena hata chembe. Nilikuwa namkumbuka baba yangu anazipungia glasi mkono. Mzee akanywa chai yote, akaiweka glasi chini kwa adabu, kisha akaingiza vidole mfukoni akavuta mnyororo wa saa. Akauchomoa ufunguo wa kabati. Akanipa mimi.

"Ifunge wewe," akasema. "Mimi leo ni jicho la pili."

Nilifunga ile mota mchana kutwa, na sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Mama alikataa kuondoka. Aliketi kwenye stuli akatazama, anauliza hii ni nini, na ile inavuta nini, kama anakagua robota. Mzee alipanda ngazi na tochi akakagua kila nati, akanikuta na waya mmoja wa kufungia nilioupinda vibaya, akanirudisha niufanye upya. Akasukuma swichi mara nyingi kuliko nilivyosukuma mimi. Hakuna kilichokohoa. Akaweka sahihi. Kisha, kwa sheria yake mwenyewe, akanisukumia kwenye ndege, na rubani akanizungusha juu ya Kisongo, akashusha flapu na kuzipandisha mpaka nikasema inatosha, la sivyo nami nitashusha chakula cha mchana. Tuliporudi tulimkuta Mzee ameifuta Babu grisi yote, ameifunga kwenye ile nailoni mpya, ameitia kwenye lile boksi jipya, anaifungia kabatini. Alipoona namtazama akasema, "Ya siku mbaya." Safari hii alicheka mwenyewe.

Jumamosi Mama alipanda. Bosi alikuwa amesharudi kutoka porini, akanipa na mimi nafasi, maana viti vilikuwa tupu. Mama alifunga mkanda, akatoa rozari, akauliza kama rubani amekula. Tulipoinuka alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akafungua jicho moja. Kisha la pili. Tulipokuwa tunapita juu ya Tengeru, na Meru uko kushotoni, akaachia mkono wangu akagandamiza uso dirishani. "Kumbe Meru umebomoka upande wa huku!" akapiga kelele. "Miaka yote hii unatuonyesha uso tu, mgongoni huna kitu!" Rubani alicheka mpaka ndege ikayumba, Mama akamkemea atazame mbele.

Moshi ikaonekana, na juu yake mlima wetu umejifunika. Injini ikapungua. Nikamwona rubani anapeleka mkono kwenye swichi. Ndani ya bawa kukasikika mlio mmoja laini, mrefu, usiokatika. Flapu zikashuka mpaka mwisho, na ndege ikatulia hewani kana kwamba imeshikwa kiganjani.

Mama alikuwa ananitazama mimi, si dirisha. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

Akanipiga paja, kwa nguvu, kama anavyompiga mtu bei ikikubaliwa sokoni. "Basi hiyo ni kazi," akasema. Nikalia hapo hapo, mbele ya rubani, wala sikuona haya.

Wa Kibosho walikuja kweli, bila ngoma lakini na vigelegele vya kutosha. Tulipofika kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu, Mama hakuingia ndani kwanza. Alipita chini ya migomba, mimi nyuma yake, mpaka kwenye kaburi la baba. Akatoa kwenye pochi yake blauzi ya mtumba iliyokunjwa, akaifunua. Alikuwa amekuja na glasi moja kwa ndege. Shangazi akaleta kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, Mama akajaza mpaka kwenye mstari wa dhahabu.

"Baba watoto," akasema, "leo nimekuhesabu mgeni."

Akamimina yote ardhini, taratibu. Akaijaza tena, akanisogezea. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaishika kwa woga, naogopa hata kuibana.

"Kunywa," Mama akaniambia. "Usiishike kama yai."